Traversi za reli zibaki mbali na platibandi za mboga

Wandugu wanachama, kuna swali linalorudi kila mara kutoka kwa koperative zilizo kando ya reli, tangu Kindu mpaka Kongolo, Kabalo, Kamina na kushuka Lubumbashi. Ile miti mizito inayolala chini ya vyuma vya reli, ikishatolewa na kuachwa kando ya njia, tunaweza kuitumia kutengeneza bustani? Hapa kwetu tunaiita traversi. Jirani zetu wa Tanzania na Kenya wanasema mataruma. Watu wanataka kuipanga pembeni ya platibandi za lengalenga na shu, kufanya nayo ngazi kwenye mteremko, kuzungushia pepinieri, ao kufunga shimo la mboleo. Jibu langu nalitoa hapa mwanzoni ili mwenye haraka alichukue: pale panapotoka chakula, hapana. Lakini jibu la "hapana" peke yake halimsaidii mkulima, njo maana naomba nafasi ya kueleza.

Kwanza, mwenye kutamani traversi simcheki. Anayejua mchwa wa hapa kwetu anajua mti wa kawaida ukifukiwa katika udongo unaweza usimalize miaka miwili. Traversi imelala chini miaka mingi, imepigwa na mvua na jua, na bado ni ngumu. Imenyooka, imekatwa vizuri, na wakati mwingine inauzishwa kwa bei ya chini kuliko ubao mpya. Tena kuna zile picha. Vitabu vya bustani vya Uingereza na Ufaransa vimejaa traversi: vitanda vya mboga vilivyoinuliwa, ngazi kati ya maua, mabenchi ya kukaa jioni. Kijana wa koperative akiona picha kwenye telefone yake anajisemea, wao wanatumia, sisi tunakosa nini?

Ile picha haisemi kwamba traversi nyingi zinazouzwa huko leo kwa ajili ya bustani hazijawahi kuona treni. Ni mbao mpya za mwaloni ao za msonobari, zimekatwa kwa ukubwa ule ule juu ya urembo tu, bila gudroni ndani. Zile za zamani za kweli, zilizotoka kwenye reli, nchi za Umoja wa Ulaya zimezifungia mlango wa bustani tangu mwaka 2003. Sheria yao inataja mahali kwa mahali: mti uliopakwa kreozoti usitumike ndani ya nyumba, usitumike katika viwanja vya michezo ya watoto, usitumike katika bustani pale watu wanapougusa mara kwa mara, wala usitumike kutengeneza vyombo vya kuoteshea mimea. Kwa hiyo, tukiiga picha bila kujua sheria, tunaokota kitu ambacho wenyewe wamekwisha kukitupa.

Hiyo kreozoti ni nini? Ni mafuta meusi yanayotoka katika lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1838 Mwingereza mmoja, John Bethell, alipata hati ya kuyaingiza ndani ya mti kwa nguvu: mbao zinafungwa katika pipa kubwa la chuma, hewa inavutwa nje, halafu mafuta yanasukumwa mpaka yazame ndani kabisa ya mti. Hayapakwi juu kama rangi. Njo maana traversi inadumu. Mchwa hawezi kuila, kuvu haiozeshi, maji hayaingii. Kwa kazi ya reli ni dawa nzuri, na mpaka leo Ulaya bado wanairuhusu kwa traversi na kwa nguzo za umeme, sababu hawajapata ingine inayoishinda vizuri. Lakini dawa yenye nguvu ya kumfukuza mchwa miaka thelathini haiwezi kuwa rafiki wa mtoto anayetambaa.

Ndani ya kreozoti kuna mamia ya kemikali. Moja inaitwa benzopireni. Shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, ambalo makao yake ni Lyon, Ufaransa, limeiweka benzopireni katika kundi la 1, maana yake inajulikana kwamba inaleta kansa kwa binadamu. Kreozoti yenyewe iko katika kundi la 2A, maana yake ina uwezekano mkubwa wa kuileta. Ni jamaa moja na masizi ya moshi. Tangu mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika juu ya kansa ya ngozi iliyokuwa ikiwapata watu wa kusafisha mabomba ya moshi. Jambo hili si habari mpya ya jana.

Sasa nisiwatishe bure. Mtu aliyekula shu moja iliyoota karibu na traversi hatakufa kesho. Mboga hainywi kreozoti kama inavyokunywa maji. Zile kemikali nzito zinapenda kushikamana na udongo, na mizizi inazichukua kidogo. Ila mazao yanayoishi ndani ya udongo, kama karoti, viazi vitamu, vitunguu, yanazibeba kwenye ganda lake. Na lengalenga, ambayo majani yake yako chini chini, inarukiwa na matope kila mvua inapopiga. Mama anaiosha mara moja haraka haraka, anaitia ndani ya sufuria. Ni kidogo, lakini ni kila siku, na ni nyumba nzima.

Kwa mawazo yangu, hatari kubwa zaidi haiko ndani ya mboga. Iko mikononi, mgongoni, na ndani ya moshi.

Mwanaume anabeba traversi begani, saa sita, bila shati. Kreozoti ikiguswa na jua kali inachoma ngozi. Jioni bega limekuwa jekundu, linawasha, kesho yake lina malengelenge. Mama anapalilia akiwa amekalia ukingo wa platibandi, siku kwa siku, na jua linatoa matone meusi yanayonata kwenye kitambaa chake. Mtoto aliye mgongoni akishuka, anakaa hapo hapo, halafu anatia vidole kinywani. Fundi anakata traversi kwa msumeno, unga wake unaruka machoni na puani, na ule uliobaki chini wanaufagia na kuutia kwenye mboleo.

Na moshi. Hapa naomba tusikilizane vizuri, sababu kando ya Lualaba na kando ya Tanganyika watu wengi wanaishi kwa samaki wa kukausha. Kipande cha traversi kinawaka vizuri, kinatoa moto mkali, na mwenye kukosa kuni anafurahi. Kumbe ule moshi ndio mbaya kuliko yote. Ukikausha samaki juu yake, umepaka lami juu ya samaki. Ukipikia nyumbani, watoto wanaivuta hewa ile usiku mzima. Hata kuchoma matofali kwa traversi si salama kwa wale wanaolinda moto. Katika bustani mtu anaweza kubishana nami juu ya karoti na juu ya shu; juu ya kuichoma sikubali mabishano.

Wafugaji pia wanauliza. Nguruwe ana tabia ya kutafuna kila kitu, na lami ya makaa ya mawe inaharibu maini yake. Banda lake lisijengwe kwa traversi, wala ukuta wake wa chini. Mbuzi naye anajikuna na kulamba. Kuku wanadonoa. Tafuta mti mwingine.

Neno ninalolisikia zaidi ni hili: "Lakini hii ni ya zamani sana, dawa imekwisha kutoka." Juu ya mti, kweli, jua na mvua vinaondoa sehemu nyepesi, na rangi inakuwa ya kijivu. Ndani haikwishi. Traversi ya miaka thelathini ukiipasua, katikati bado utakuta weusi na harufu. Na mara nyingi inapasuliwa kweli, ili ipate ukubwa wa platibandi, basi ule uso mpya uliofunguliwa unaanza kutoa dawa kama jana.

Namna ya kuitambua si ngumu. Iache juani mpaka saa nane. Ikinuka kama gudroni ya barabara, ikitoa matone meusi ao ikinata mkononi, ina kreozoti. Ikatwe kidogo kichwani: ukiona duara jeusi linazunguka na katikati ni rangi ya mti, hiyo ndiyo dawa iliyosukumwa kutoka nje. Nguzo za zamani za telefone na za umeme nazo ziangaliwe vile vile. Zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ingine, yenye shaba na mara nyingi arseniki, na majivu yake ni sumu. Yasiende kamwe kwenye shamba.

Ziko traversi ambazo hazikutiwa dawa, hilo nalikubali. Afrika ina miti migumu ambayo reli iliweza kuitumia hivi hivi. Huko Mulobezi, Zambia, kiwanda cha mbao kilikata mukusi kwa ajili ya traversi za reli ya Rhodesia, ile ile reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910. Azobe ya misitu ya magharibi nayo inajulikana kwa kazi hii. Lakini hata traversi isiyo na kreozoti imelala miaka chini ya magari yanayodondosha mafuta na grisi. Kama una hakika kabisa kwamba ni mti mtupu, itumie kwa kivuko cha mtaro ao kwa kizingiti cha depo. Kwa platibandi bado nasema hapana, na sababu ni ingine, ya kilimo.

Ni hii: hatuhitaji kuta za mti kuzunguka mboga zetu. Kitanda kilichoinuliwa na kufungwa kwa mbao ni mawazo ya nchi za baridi na maji mengi. Kule wanataka udongo upate joto mapema na maji yatoke haraka. Katika Katanga, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, hatuoni mvua, na shida yetu ni kinyume: maji ya arozwari yanakauka mbele ya saa sita. Kitanda kilichoinuka kinakauka pande zote. Kwa kiangazi, platibandi ya kushuka, iliyo chini ya njia kwa kiganja kimoja, inashika maji vizuri zaidi na inapunguza safari za kisimani. Masika ikirudi, unainua udongo kwa jembe, sentimeta 15 mpaka 20, unalaza pembeni kwa mteremko kidogo, unafunika na majani makavu. Ukuta wa traversi haushuki na haupandi. Umeufunga, umefungwa nao.

Tupige hesabu kidogo. Platibandi ya mita 10 kwa mita 1 ina mzunguko wa mita 22. Traversi ya reli yetu ina karibu mita 2, basi zinahitajika 11. Tuseme moja ina kilo 50, na nyingi zinapita hapo: ni kilo 550 za mti kwa platibandi moja. Bustani ya platibandi 20 inataka traversi 220. Na kila moja ina upana wa sentimeta 20 na zaidi, kwa hiyo pande mbili ndefu zinakula mita 4 za mraba kwa kila platibandi. Kwa 20 ni mita 80 za mraba. Hizo ni platibandi nane ambazo zingeota mboga. Umelipa pesa, umelipa wabebaji, na umepunguza shamba lako.

Kwenye mteremko, kweli udongo unahitaji kushikwa. Hapo nawapendekezea vetiveri kwanza. Mizizi yake inashuka chini kwa mita mbili na zaidi, haitembei kama majani mengine, na shina moja linagawanywa mara nyingi. Pima mstari kwa ile fremu ya A, miti mitatu, kamba na jiwe, inayofanyika kwa asubuhi moja. Panda machipukizi kwa umbali wa kiganja. Msimu wa kwanza unaonekana kama mchezo. Msimu wa pili udongo umeanza kujaa nyuma yake. Watu wa Kivu wanajua pia tripsakumu na setaria, ambazo zinalisha ng'ombe na mbuzi, na kaliandra, ambayo inatoa kuni na kurutubisha udongo. Pale penye mawe, mawe yapangwe. Kwa ngazi ya kufikia mto, matofali ya kuchoma yanatosha. Nguzo za uzio zinaweza kuchomwa kidogo miguu yake kwa moto, mpaka ngozi ya nje iwe makala, mbele ya kuzifukia. Si dawa ya milele, lakini inasaidia. Na tafadhali, si mafuta ya vidanje. Wengi wanayapaka kwenye nguzo wakifikiri ni dawa ya bure, na yanaingia katika udongo ule ule.

Koperative zinazouza kahawa ao kakao yenye cheti cha bio ziangalie mara mbili. Kanuni za bio za Marekani zinakataza mti uliotiwa dawa zilizokatazwa kuwekwa upya mahali unapogusa udongo wa mazao ao wanyama. Pepinieri iliyozungushiwa traversi inaweza kumletea mkaguzi swali ambalo mwenyekiti hatakuwa na jibu lake, na lori limekwisha kuitwa.

Kuna jambo lingine, na hili si la kemikali. Traversi imetoka wapi? Reli ni ya SNCC, na SNCC ni ya serikali. Kitu chake hakiokotwi, hata kama kimelala kwenye majani. Mtu akija usiku na traversi tano za kuuzisha, mwulize karatasi. Kama hana, usinunue, sababu soko lako linamfundisha arudi kesho na kumi. Traversi kazi yake ni kushika vyuma viwili visiachane. Zikitolewa tatu nne kwa mfululizo, vyuma vinafunguka na magurudumu yanashuka. Mwezi wa tatu mwaka 2022, karibu na Buyofwe katika Lualaba, treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka na zaidi ya watu 60 wakafa. Sileti ajali ile kusema ililetwa na traversi. Naileta sababu tunajua nani anapanda juu ya mizigo ile: ni sisi, na magunia yetu ya mahindi. Traversi za chuma, ambazo ni nyingi kwenye njia zetu, hazina kreozoti, lakini kwa habari hii ya umiliki ni sawasawa.

Nabaki na wale ambao wamekwisha kuzipanga. Msikimbie kuzichoma. Anzeni na platibandi za karoti na viazi vitamu, halafu za mboga za majani. Zitoeni kwa glavu ao kwa vitambaa vinene, asubuhi mapema wakati jua bado ni la polepole, watu wawili ao watatu kwa traversi moja, mikono ya nguo ikiwa mirefu. Udongo uliokuwa umegusana na mti, upana wa kiganja na kina cha kiganja, utolewe. Uzikwe mbali na kisima na mto, na juu yake mpande vetiveri. Pale palipobaki tieni mboleo nyingi, sababu vijidudu vya udongo wenye uhai vinakula ile dawa polepole, na msimu wa kwanza pandeni maua ao mahindi, si karoti. Kwa traversi zenyewe, kama zilitoka kwa njia ya halali, zifanyeni kivuko cha pusupusu juu ya mtaro wa barabara, mbali na maji ya kunywa. Kama hazikutoka kwa njia ya halali, komite iende kuongea na chef wa gari la moshi aliye karibu mbele hajaja mwenyewe. Nguo za kazi ile zifuliwe peke yake, si pamoja na za watoto.